Sekunde Kumi na Tisa za Bukama

Umeme huku Katuba hurudi saa nane za usiku,
kama mume mlevi: bila hodi, bila haya.
Nami huwa nimelala na viatu.
Naondoa cherehani mezani, naweka kompyuta
ambayo herufi ya N iling'oka,
naibonyeza kwa njiti ya kiberiti.

Maikrofoni nimeivisha soksi ya mtoto.
Papa Mukalayi yumo kabatini, juu ya kigoda,
katikati ya makoti ya harusi
ambazo zimeshapita na wenyewe hawajanilipa.
Blanketi begani. Kichwani, kofia ya reli.
"Kofia haisikiki, Papa."
"Sauti inajua kama imevaa."

Miaka thelathini na mmoja alitangaza treni,
mpaka siku walipompa barua badala ya mshahara.
Nimemwomba ile ya kaskazini, mara moja tu,
wajukuu wa Ndola wasikie.
Anakohoa. Anameza mate.
Kitaa chekundu kinawaka.

Likasi.

Tenke.

Lubudi.

Luena.

Bukama.



Kamina. Abiria wa Kamina, angalieni mizigo yenu.

Kisha nikakaa kusafisha.
Nilichukua kipande kidogo cha ukimya, nikakionyesha mashine:
hiki ndicho kisicho Papa, kitoe chote.
Jokofu la jirani likafutika.
Mbwa wa Mama Kabedi akafutika katikati ya neno lake.
Halafu nikaona yale mapengo,
mistari mitupu, mirefu, imelala kati ya majina,
na mimi ni fundi: kitambaa kikizidi
mkono hauulizi.
Nikakata. Nikaunga. Pindo haionekani.
Dakika nne zikawa sekunde hamsini.

Kulipopambazuka nikamvisha Papa visikilizio.
Alisikiliza amefumba macho, halafu akayafumbua.
"Ngoie, hii treni ya nani?"
"Yako, Papa."
"Yangu inasimama.
Hapa Lubudi watu watashukaje?
Mwenye godoro. Mwenye kuku wawili na mtoto mgongoni.
Unataka waruke?"

Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua,
kidole kikiomba msamaha kwa kila mkato.
Pumzi ikarudi. Kigoda kikarudi na mlio wake.
Mbwa akamalizia sentensi.

Pengo la Bukama nililipima:
sekunde kumi na tisa.
Mengine yote, saba, nane.
"Hapa ulisahau, Papa? Nipunguze?"
Akavua kofia, akaifuta vumbi lisilokuwepo.
"Kuna mtu alishuka kununua samaki."
"Nani?"
Akauliza kama bukari ya jana imebaki.
Nikampashia moto. Alikula bila kusema,
akiutazama mlango.

Sokoni, Mwepu anayejaza kadi za simu
aliibana faili hadi ikakonda, faranga mia tano.
"Imepoteza nyama," akasema, "lakini itatembea."
Ikatembea. Kipushi. Kolwezi, kwa vijana wa mashimo.
Ndola, ambako mjukuu mmoja aliifanya mlio wa simu,
Papa alipoambiwa akanuna siku mbili.
Mzee mmoja wa Kamina, simjui,
alinijibu kwa mluzi tu, ule wa kuondoka, mrefu.
Nimeuhifadhi. Sijaugusa mwanzo wala mwisho.

Lakini wengi wananipigia kwa malalamiko:
"Dada, faili yako ina ubovu.
Inafika Bukama inakufa."

Naweka pini mdomoni pembeni, naweka mkasi chini.
Haijafa, nawaambia. Imesimama.
Usizime.
Kuna mtu bado anachagua samaki.