Muda wa Kuazima

Jumanne ya pili ya mwezi, saa tatu asubuhi, giza totoro,
nawasha basi la vitabu nyuma ya ghala la halmashauri.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Injini inakohoa, inagoma, inakohoa, inakubali.
Nyuma yangu rafu zinagongana: sayari elfu moja
na majoka yasiyo na idadi, vyote chini ya mkanda wa mpira.

Irja anapanda kwenye kituo cha kiwanda cha mbao,
soksi mbili kila mguu, kitabu kifuani kama mkate wa moto.
Namuuliza swali ninalowauliza wote:
Uko wapi sasa?
Bado niko kule, anasema, kwenye mji ulio chini ya bahari.
Malkia ameweka kivuli chake rehani watu wake wapate chumvi,
nami nimeunguza viazi mara mbili kwa ajili yake.
Alama yake ya ukurasa ni risiti ya muuza samaki.
Kitabu kizima kinanuka samaki.
Mji chini ya bahari! Hata mimi naanza kuamini.

Piera, mfugaji wa kulungu, hana subira na majoka.
Mwandishi huyu hajawahi kufuga hata kuku, anasema.
Mnyama wa ukubwa ule anakula nini majira ya baridi?
Nani anazoa mavi yake?
Amekwisha kusoma juzuu nne.
Ameendesha pikipiki ya theluji kilomita arobaini kuifuata ya tano,
na sasa amenuna, kwa kuwa iko kwa mwalimu wa kemia.

Venla ana miaka kumi na mmoja na jino moja linalegea.
Roboti wake amesahauliwa mwezini, anajifunza kufuma
kwa nyuzi za parachuti.
Hiki umekiazima mara tatu, namwambia.
Mwisho naujua, ananijibu.
Nataka kuona kama safari hii ataogopa tena.

Kituo cha saba hakuna mtu.
Ratiba inasema dakika kumi na mbili, nami nasimama
dakika kumi na mbili, taa zikiwaka, mlango umefungwa.

Hapa alikuwa akipanda Oiva, fundi wa nyaya za umeme, mstaafu.
Chombo chake cha anga kilikuwa na watu elfu tisa waliolala
miaka mia tatu, na mlinzi mmoja tu aliye macho,
anayepita na tochi akihesabu pumzi zao.
Oiva alisoma kurasa nne kwa usiku, hazidishi.
Aliandika pembeni kwa penseli, jambo lililokatazwa:
Hesabu ya mafuta si sahihi.
Tochi haiwezi kudumu hivyo.
Huyu bwana amwandikie dada yake.

Alikufa kabla ya theluji ya kwanza.
Mpwa wake alikileta kitabu kwenye mfuko wa plastiki,
njiti ya kiberiti ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Kanuni iko wazi: kirudi rafuni.
Mashine ikauliza: Muda uongezwe?
Nikabonyeza ndiyo.
Nimebonyeza mara nne sasa, kwa jina la marehemu,
na hakuna ofisini aliyegundua, au wamegundua, wamenyamaza.

Kila mwezi, kwenye kituo cha saba, namsomea kurasa nne.
Ningeweza kukimaliza nyumbani kwa usiku mmoja.
Lakini mlinzi yule hana haraka, mimi ninayo ya nini?
Nilidhani tangu ile njiti pembeni pangekuwa peupe,
mimi peke yangu gizani na tochi yangu.

Leo, ukurasa wa mia mbili ishirini na saba,
mlinzi anapofika kwenye kitanda kisicho na pumzi,
penseli yake hii hapa, imekolezwa hadi karatasi imetoboka:
Hapa nimelia tena.

Tena.

Nimekaa na neno hilo hadi dakika ya kumi na tano.
Kisha injini: kikohozi, kikohozi.
Kituo cha nane mwalimu wa kemia anangoja barabarani,
juzuu ya tano ameibana kwapani,
na uso wa mtu aliyekuja kuomba aongezewe wiki.