Udongo Ulalao Nje

Oktoba, kabla ardhi haijafunga kinywa,
nachimba udongo ukingoni mwa kijito,
mikokoteni ishirini na sita,
naumwaga nyuma ya banda, wazi, bila turubai.
Urmas jirani hupunguza mwendo wa trekta:
“Leida, mwaka huu tena? Utaganda wote!”
Ndiyo, Urmas.
Ndiyo maana.

Kisha nafagia karakana.
Gurudumu nalifunika shuka kuukuu la mama,
lile la maua ya buluu,
kama afunikwavyo mgonjwa anayeanza kupata nafuu.
Joko naliziba mdomo kwa matofali mawili
paka asije akazalia ndani.

Zamani nilishindana na baridi.
Niliwasha jiko saa kumi alfajiri,
nikauyeyusha udongo kwa maji ya birika,
vidole vikipasuka kama magome ya msonobari.
Wahenga wana neno lao: udongo uuwahi ungali maji.
Nikauwahi. Mwaka baada ya mwaka nikauwahi,
mpaka usiku mmoja wa Desemba
bakuli mia moja na kumi na mbili ziliponipasukia jokoni,
moja, kimya, mbili, kimya, tatu kwa pamoja,
nami nimeketi juu ya gogo nahesabu
kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya.

Nililala wiki tatu.
Homa, halafu si homa, halafu kulala tu.
Lundo nililolisahau nje
likapigwa na kila kitu:
theluji, sakitu, mikojo ya mbweha.

Aprili nikalichoma koleo.
Koleo likazama kama kijiko kwenye mtindi.
Nikamega kipande, nikakikanda juu ya goti:
hakuna punje, hakuna bonge,
laini mithili ya ndewe ya mtoto.
Baridi ilikuwa imepenya kila kitundu,
ikavimba, ikapasua, ikaondoka
bila kudai ujira.
Nami nilikuwa nimeifukuza mlangoni miaka kumi na tisa.

Siku hizi simu ikilia kutoka Tartu,
yule bwana wa duka, sauti imepakwa asali,
“Vikombe arobaini tu, Leida, sikukuu hii hapa,”
namwambia mfinyanzi hayupo.
“Yuko wapi?”
“Nje, nyuma ya banda.”
Wala sidanganyi.

Jua lachungulia saa tatu,
saa tisa limekwisha kuaga.
Kati ya hapo nala supu ya kabichi,
nafuma soksi isiyo na mwenyewe,
nalala tena.
Sifanyi kitu, na mwanzoni ni kazi ngumu:
mikono hainielewi,
hupapasa meza ikitafuta cha kubonyeza,
ikapata mkate mweusi, ikauminya,
mkate ukawa kibakuli chenye mdomo na kitako.
Nikakitazama.
Nikakila.

Jumamosi nawasha sauna.
Mvuke ukipanda naziona nyufa za viganja zikifumba,
moja moja, bila haraka,
kama watu watokao kwenye ibada
ambao hawana cha kuwahi nyumbani.

Jana usiku ilishuka nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Nilitoka na taa,
koti la marehemu Heino juu ya gauni la kulalia,
nikasimama kando ya lundo.
Lilikuwa linalia:
tk. Kimya. Tk, tk.
Mlio mdogo, kama wa mtu anayealisha vidole
baada ya siku ndefu.
Nikavua glavu, nikaalisha vyangu.
Tukajibizana hivyo, lundo na mimi,
hadi nyayo ziliponianza kuuma,
nikarudi ndani,
nikalala.