Kalunguyeye wa Ukurasa wa Kumi na Tatu

Barua ilifika Jumatatu, bahasha imelowa theluji,
kwa penseli nyekundu, herufi zikienda upande kama kaa:
"Hayupo. Nimetafuta. Ukurasa wa kumi na tatu.
Ni mimi Taavet, miaka mitano na nusu."

Mimi ndiye mhariri. Kazi yangu nukta na mkato,
na kuhakikisha kila herufi inayostahili vitone viwili kichwani
imevishwa vitone vyake kabla ya kutoka nje.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini mimi nililipwa nitazame.

Kitabu chenyewe chembamba, maneno hayafiki mia mbili:
bata anapiga chafya, chwaa!
kofia ya tarishi inaruka, inatua juu ya mbuzi,
mbuzi anaanza kugawa barua.
Na kila ukurasa, mahali fulani, kalunguyeye kajificha:
ndani ya buti, nyuma ya birika, chini ya mkia wa farasi,
na mmoja, mjanja, kajifanya mswaki.

Ka-lu-ngu-ye-ye.
Niliwahesabu mara tatu.
Nakala elfu mbili zikatoka mtamboni zikinukia wino,
na hakuna aliyesema neno:
si mchapaji, si muuza vitabu wa Tartu,
si mama yangu, ambaye huona dosari hata kwenye maji.

Nikafungua kumi na tatu.
Jiko. Sufuria ya supu ya kabichi. Paka. Dirisha.
Nikatafuta kwa kioo cha kukuzia.
Nikageuza kitabu juu chini, nikakitikisa kidogo
(msinicheke, nilikuwa peke yangu).
Hayupo.

Urve anakaa ng'ambo ya ziwa lililoganda,
kucha zake kijani tangu vuli, alipochora vyura.
"Urve, yuko wapi?"
Akatazama. Akatazama tena.
Akacheka hadi miwani ikatumbukia, chubwi,
kwenye kikombe cha kuoshea brashi.
"Nilimwacha awe wa mwisho," akasema,
"halafu chai ikachemka."

Basi. Hiyo ndiyo sababu yote.

Nilitaka kuandika barua ya kuomba radhi, yenye mhuri.
Urve akavaa koti. "Kwanza twende maktaba."

Pale Viljandi, kwenye kona ya zulia na mito,
Bi Helju, mtunza vitabu, alitungoja kajishika kiuno:
"Haya, tazameni walivyonifanyia!"
Ukurasa wa kumi na tatu, kalunguyeye kumi na mmoja.
Mmoja anaogelea ndani ya supu.
Mmoja kavaa helmeti ya zimamoto.
Mmoja ni kiazi chenye hasira.
Mmoja mkubwa kuliko paka,
na mtu mwenye huruma
kamchorea paka matone ya jasho.

Na chini kabisa, pembeni, kwa penseli nyekundu niijuayo,
mlango mdogo, umefungwa,
kitasa chake duara,
na neno moja juu yake:
NAKUJA.

Urve alipiga magoti kwenye zulia
na hakuinuka kwa muda mrefu.
Nilidhani miguu imekufa ganzi.
"Miaka thelathini nachora," akasema,
"na sijawahi kufikiria mlango."

Chapa ya pili, mkurugenzi alitaka kosa lirekebishwe.
Tulibishana hadi taa za barabarani zikawaka,
ingawa huku, Desemba, huwaka saa tisa alasiri.
Tukaliacha pengo. Bila maelezo.
Bi Helju alinunua kalamu za rangi, kasha zima,
na ifutio moja ambayo haijaguswa.

Jana usiku, nyumbani, nilichukua nakala yangu,
nikachonga penseli, nikafunga pazia.
Nikamweka karibu na dirisha, miiba kwanza, kisha pua.
Kanitoka kama brashi ya viatu.
Nikanyoosha mkono kuchukua ifutio.

Lakini alikuwa tayari ana macho.