Mraba Usiopakwa Rangi

Bibi Basilia amenikatalia mraba mmoja.
Ukuta mzima wa mashariki ni wangu, anasema,
niupake uwe mweupe kama maziwa ya kondoo,
ila pale chini ya dirisha brashi isifike:
herufi tatu nyeusi na tarehe,
D.D.T., 12-4-49.

Vijana wenye mitungi mgongoni walipita wakipulizia
zizi, jiko, uvungu wa kitanda, picha ya Bikira.
Nzi walidondoka kwenye supu. Paka wa jirani akafa.
Na mbu, aliyetawala tambarare hii ya Oristano
kabla hata Warumi hawajaitia macho,
akanyamaza.
Bibi alikuwa na miaka minane.
Usiku wa kwanza bila mlio ule sikioni
alimwamsha mama yake kumuuliza: nimekufa?

Mimi ni fundi rangi, si daktari.
Ninavyolielewa ni hivi:
zamani sana, katika damu ya mtu mmoja wa kando ya bwawa,
herufi moja iliandikwa vibaya.
Chembe zake nyekundu zikatoka ndogo, hafifu,
homa ikaingia isipate pa kutandika.
Majirani wakazikwa. Yeye akazaa.
Kosa likarithiwa kama shamba.
Ukilipata kwa mzazi mmoja, ni ngao.
Ukilipata kwa wote wawili,
ngao inakulalia kifuani.

Mimi nililipata kwa mmoja.
Dada yangu Bonaria, kwa wote wawili.

Kila baada ya siku kumi na tano, basi la saa kumi na mbili asubuhi,
kiti kilekile cha wodi, mifuko miwili.
“Safari hii wamenipa damu ya mvuta sigara,” hutania,
“nimetamani moja njia nzima.”
Damu ya watu humwachia chuma,
na chuma hutafuta ini, hutafuta moyo;
hivyo miaka ishirini alilala na sindano tumboni
na kipampu chini ya mto,
kikivuma kwa sauti nyembamba
mfano wa yule aliyedhaniwa kufa.
Siku hizi ni vidonge. Ana miaka arobaini na moja.
Wajomba zetu wawili, waliopauka
kabla ugonjwa haujafika kijijini na jina lake,
hawakufikisha sita.

Dawa ya deni ni kulipa.
Lakini mdai wetu alikufa tarehe ile pale ukutani,
na sisi bado tunapeleka.

Mke wangu Grazietta ni wa milimani,
kule ambako mbu alichoka kupanda.
“Kwetu hilo halipo,” mama yake alitamka harusini,
kama mtu anayesemea chawa.
Bahasha ya maabara ilifika Jumanne.
Kumbe babu yake alishuka na kondoo kila kipupwe,
na mwaka mmoja akapanda na mke.

Mimba ina wiki ya kumi.
Daktari alichora nyumba ya vyumba vinne,
akatia kivuli kimoja: robo, akasema,
na kila mimba huanza hesabu upya.
Nimepaka nyumba nyingi.
Sijawahi kukiogopa chumba.

Wiki ijayo sindano itadokoa kondo la nyuma.
Baada ya hapo, sijui. Grazietta naye hajui,
tunapeana chumvi mezani kwa adabu kama wageni.

Leo Bonaria ananishikia ngazi.
Nikiwa juu, nisimwone uso, nimemuuliza
swali ambalo mtu haulizwi:
mama angejua mapema, ungetaka afanyeje?

Amekaa kimya hadi rangi ikaanza kukauka kwenye brashi.
Kisha amenyoosha mkono wake wa buluu,
wenye alama za sindano tangu utotoni,
akachomoa kitu kwenye ukuta mbichi.
“Umeacha unywele hapa,” amesema.
“Na shuka. Zamu yangu kupanda.”