Rudisha Vifuniko

Jana jioni redio ilitaja sakitu, Dafina.
Si wiki ijayo: alfajiri, kabla jogoo wa Trajanka hajakohoa.
Nikaingia bustanini na taa ya kichwani ya marehemu baba yako,
ile yenye mkanda uliolegea, inayoniteremkia puani kila niinamapo,
nikachuma kama mwizi anayejiibia mwenyewe:
pilipili hoho nyekundu, ndefu, zimepinda kama pembe,
biringanya tano, vitunguu saumu vya mwisho,
nyanya zilizoiva na zile mbichi pia,
maana sakitu haina simile,
haiulizi nani kaiva na nani bado.

Asubuhi Trajanka akavuka ua na kisu chake.
Hakupiga hodi. Hajapiga tangu mwaka wa harusi yako.
Tukawasha lile pipa lililokatwa ubavu,
tukazipanga hoho juu ya bamba,
zikalia, pss, pss,
ngozi ikatutumka, ikaungua, ikapasuka.
Leo mtaa mzima ndio harufu hiyo hiyo.
Mbwa wanapiga chafya.

Unakumbuka kumenya?
Unazifunika kwanza kwenye sufuria zitoke jasho,
halafu unaivuta ngozi kwa ncha za vidole.
Maji usiguse. Ukisuuza umemwaga moshi,
na moshi ndio nusu ya utamu.
Nilijisahau nikajipangusa jicho kwa mkono ule ule.
Trajanka akasema: angalau leo una sababu.

Kukoroga, saa nne.
Inaiva pale mwiko unapopita
na sakafu ya sufuria ikaonekana, njia nyeupe,
ikakawia kufunga.
Baba yako alikuwa akichungulia na kusema: bado.
Kila mwaka, bado, hata ikiwa imeiva.
Mwaka huu hapakuwa na wa kusema,
nikaogopa kuepua,
nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi
na Trajanka akaninyang'anya mwiko.

Chupa arobaini.
«Zagorka, wewe ni mdomo mmoja. Arobaini za nini?»
Nikamwambia sijui kupika kidogo.

Ishirini zitapanda basi la Alhamisi, kwa Metodi dereva,
kila moja ndani ya soksi ya baba yako.
Soksi ziache huko, mvae.
Lakini jana Metodi kaniletea chupa za mwaka jana:
kumi na saba, umeziosha, sina neno,
zinang'aa kuliko zangu.
Vifuniko saba!
Saba, Dafina. Mnavipeleka wapi huko Malmö?
Chupa bila kifuniko ni bilauri tu,
na bilauri haivuki baridi.

Halafu katika ile ndogo, ya asali,
nikakuta kitu kimeviringishwa kwa karatasi ya chooni.
Jino.
La maziwa, punje ya mchele, lina doa la damu kwenye mzizi.
Barua hakuna.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mpaka nikakumbuka: wakati wa Pasaka, kwenye simu,
nilimweleza Elin kuwa sisi jino tunalirusha juu ya paa
kunguru alichukue, alete la chuma.
Akaniuliza, kwa ile lugha yake yenye kigugumizi,
«Na anayekaa ghorofa ya sita, bibi?»
Sikuwa na jibu. Nilimwambia ale mboga.

Basi nimelirusha.
Mara ya kwanza lilikwama kwenye mfereji wa mvua;
Trajanka akapanda ngazi, na goti lake lile,
akalitoa kwa kijiko cha chai huku akinitukana.
Mara ya pili likapita vigae, likanyamaza.
Kunguru sijamwona. Moshi bado mwingi.

Nyanya mbichi nimezifunga kwa magazeti,
moja moja, ziko chini ya kitanda, upande wake.
Zitaiva gizani, polepole, nyingine hadi Desemba.
Usiku nikigeuka nazisikia harufu.

Mwambie Elin limefika.
Na vifuniko, mwanangu.
Hata vyenye kutu.