Saa Mia na Ishirini

Kitabu kina safu tano:
tarehe, kilomita, hali ya hewa, hali ya barabara, sahihi.
Hakina mahali pa kuandika
kwamba leo Kirralee kaja bila kulala,
kwamba kwao watu kumi na mmoja hugawana vyumba vitatu
na redio ya jirani haijui usiku.
Naandika: Jua. Kokoto.
Naweka sahihi.

Sheria inataka saa mia na ishirini
kando ya mtu mwenye leseni.
Haya, nipe huyo mtu.
Baba yake alinyang'anywa yake kwa faini zilizozaa faini.
Mama hakuwahi kuigusa.
Mjomba Dooley alijiendesha mwenyewe kwenda kuitafuta,
wakamkamata njiani.
Tulicheka.
Kisha akafungwa miezi minne, tukaacha kucheka.

Kazi ipo, husema
wale wanaoshuka na ndege ya asubuhi na kupanda ya jioni.
Ipo, ndiyo. Kwenye karakana ya halmashauri,
kilomita tisini na sita kutoka hapa,
saa kumi na mbili asubuhi kamili,
na basi hupita Jumanne.

Ndipo tukakodi bucha la zamani.
Ndoano zingali darini, tunatundika vizibao vya kung'aa.
Meza mbili, birika, kompyuta yenye kujifikiria mno,
na nje Korola nyeupe tuliyoinunua kwa pesa za bingo,
mlango wake wa nyuma haufunguki kwa ndani.

Kabla ya usukani, makaratasi.
Cheti cha kuzaliwa cha Kirralee kilibeba jina la binamu yake.
Miaka kumi na minane, na serikali haijui kama yupo.
Nilipiga simu mara kumi na nne;
ule muziki wa kusubiri
mpaka leo unanitoka nikiosha vyombo.

Saa ya kwanza gari lilizimika mara tisa.
Saa ya sita aligonga pipa la taka la shule.
Saa ya thelathini na moja hakuja.

Wala kesho yake, wala wiki ile.
Yule binamu. Simtaji;
kwetu jina la aliyeondoka hupumzishwa.
Nikaipeleka Korola mbele ya nyumba yao,
nikaketi kiti cha kushoto, injini kimya, dirisha wazi.
Siku ya tatu alitoka miguu mitupu
akaketi kulia.
Tulikwenda hadi darajani tukautazama mto,
Baaka, uliotuzaa,
mwaka ule vidimbwi vitupu:
mashamba ya pamba huko juu yalikuwa yameunywa.
Naandika: Saa mbili. Wingu. Lami.

Saa ya sabini emu walikatiza, familia nzima,
bila hata kuwasha indiketa.
Saa ya themanini na nane akasema,
"Shangazi, kurudi nyuma ndiko kugumu."
Nikamjibu: ajabu hiyo,
kwa tulivyorudishwa nyuma miaka yote
tungekuwa mabingwa.
Alicheka hadi akapanda ukingo wa njia.

Mtihani alianguka. Akarudia, akapita.
Sikumwona miezi miwili.

Juzi, njia ya mashariki, vumbi jekundu,
mtu mwembamba wa buti kubwa kashika bango: SIMAMA.
Malori ya mgodi, magurudumu ishirini na mawili kila moja,
yamemtii yote, yanahema.
Nasi tukasimama. Dakika nne nzima.
Hakunipungia mkono. Uso mkavu kama wa hakimu.

Akageuza bango.
Na kando yangu Teddy, saa yake ya pili duniani,
akazima gari.
Akawasha. Likazima.
Nyuma yetu lori likapiga honi ya kuvunja mifupa.

Kirralee akatazama juu ya paa letu,
akamwinulia dereva yule kidole kimoja:
subiri.

Lori likasubiri.

Naandika: Saa moja na robo. Vumbi.
Hali ya barabara: inatengenezwa.