Wanadai Kiingilio Chao

Jumamosi, sehemu ya sita,
Tindo akatumbukia kwenye volkano
wala hakuibuka.
Skrini ikaanza majina ya watu wa mbali,
madogo, mengi, yakipanda kama siafu ukutani,
na banda langu, watoto arobaini na mmoja,
likawa kimya kama darasa aliloingia mkaguzi.

Kisha Nyemo, binti wa muuza mashudu,
akasimama juu ya benchi:
"Turudishie mia mbili zetu."

Jamani, si mimi niliyemuua Tindo.
Mimi nashona magunia sokoni Kibaigwa,
jioni nawasha televisheni aliyoniachia marehemu,
luku nanunua mwenyewe,
flashi naletewa na kijana wa Dodoma mjini.
Mjumbe hauawi, nikawaambia.
Hauawi, wakasema, ila hulipa.

Na hao hao walianza kwa kuichukia!
Wiki ya kwanza: watoto gani hawa,
wanainua magari na hawajawahi kutumwa chumvi?
Mbona hakuna mama anayewaita?
Wanapigana mchana kutwa, nani anasonga ugali?
Yule wa upepo, Sechelela alimcheka waziwazi:
"Upepo gani hauna hata vumbi?
Aje hapa Agosti."
Sauti zote ni za mtafsiri mmoja,
mwanamume mwenye mafua yasiyopona,
kwa hiyo binti wa moto anaongea kwa besi,
nao wakazoea, wakaanza kumwiga
wakienda kisimani, madumu kichwani,
wasichana wadogo wakinguruma kama malori.

Lakini Tindo.
Tindo hana moto, haruki.
Akishika kitu, hakidondoki. Basi.
Nguvu ya kipuuzi, nilidhani,
mpaka nilipoona nani anasogea mbele
kila Tindo anaponyoosha mikono:
Ndahani, wa Mzee Chedego mbebaji,
yule ambaye mwaka juzi, msimu wa mavuno,
rundo la magunia lilimporomokea.
Siku hizi anakaa mlangoni kwake
akihesabu malori yanayopita barabarani.

Usiku ule Ndahani hakudai pesa.
Alisubiri wenzake wachoke kupiga kelele, akasema,
polepole, kama anayesahihisha hesabu ya mwalimu:
"Mtu wa kushika vitu visidondoke
hawezi kudondoka.
Wamekosea."

Wakachana mfuko wa saruji,
wakageuza upande safi, wakaandika.
Kwenu wenye katuni. Hatujambo.
Tindo arudi. Mkishindwa, semeni aliota.
Yule wa upepo mpeni vumbi.
Mmoja wao atumwe dukani hata mara moja.
Nguo mpya za kiongozi zinambana, anatia huruma.
Majina arobaini na moja chini,
na doa la mafuta ya mhogo.

"Anwani?" wakaniuliza.
Nikasema nitaulizia.

Mia mbili niliwarudishia wanne tu, waliokuwa wakilia,
na mmoja nina hakika alijipaka mate machoni.

Jumatatu nikaikunja barua mara nne.
Lilikuwapo gunia linakwenda Namanga, na kuvuka.
Nikaitia juu ya mahindi,
nikapitisha shazia, nikafunga mdomo
kwa mshono wa kubana, ule wa mteja mkubwa.
Huko mbele atalifungua mtu, mwenye kinu labda,
atasoma kwamba Tindo arudi,
naye atauliza: Tindo ni nani?
Swali zuri. Angalau wawili tutakuwa tunaliuliza.

Jumamosi iliyofuata walifika saa tisa,
sijamaliza hata kufagia,
kila mmoja na mia mbili yake, imelowa jasho.
Ndahani alimleta baba yake,
wakaja taratibu, fimbo na bega.
Nikachomeka flashi.
Kijana wa mjini alikuwa amekosea:
ilikuwa harusi, ya watu tusiowajua,
saa mbili na nusu, keki, kwaya, shangazi wanalia.

Hakuna aliyeondoka.
Waliitazama yote,
wakikodolea ule mlango wa nyuma ya maharusi,
kwamba huenda Tindo akapitia pale.